Robert-Houdin: Fundi Saa Aliyejua Siri ya Macho Yetu



Wiki hii safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri inakwenda Ufaransa, karibu miaka mia mbili nyuma, kumtafuta mtu aliyeweza kukuonyesha saba ya kopa mkononi, akaufunga mkono, akaufungua, na karata isiwepo. Jina lake ni Jean-Eugène Robert-Houdin. Kwa Kifaransa herufi t ya Robert na herufi h ya Houdin hazitamkwi, kwa hiyo msiziseme kwa nguvu.

Kwa Kiswahili mchezo kama huo tunauita kiinimacho, na wengine huuita mazingaombwe. Litazameni hilo neno kiinimacho: macho yamo ndani yake. Robert-Houdin alitumia maisha yake yote akijifunza jambo ambalo neno letu linalidokeza, kwamba mchezo hauchezwi mkononi peke yake. Nusu yake unachezwa ndani ya macho na akili ya anayetazama.

Naomba msome mpaka mwisho. Katikati ya maisha yake kuna jambo alilolifanya huku Afrika, na hilo ndilo lililonifanya nimchague.

MTOTO WA FUNDI SAA

Alizaliwa Desemba 1805 katika mji wa Blois, kando ya mto Loire. Wakati huo aliitwa Jean-Eugène Robert tu. La Houdin lilikuja baadaye. Baba yake, Prosper Robert, alikuwa fundi saa, na mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Alikulia katikati ya springi, meno ya magurudumu na vyuma vidogo ambavyo ukivipulizia pumzi vinaruka.

Alipofika miaka 11 alipelekwa shule katika mji wa Orléans. Alipomaliza, baba yake alitaka awe wakili. Wazazi wetu wengi mtalielewa hilo! Kijana akawekwa kuwa karani katika ofisi ya sheria, kazi yake kunakili hati. Lakini mikono yake haikutaka kalamu, ilitaka vyuma. Mwishowe baba akakubali yaishe, na kijana akajifunza ufundi wa saa kwa binamu yake.

Halafu ikatokea bahati, naye ameieleza katika kitabu cha maisha yake. Alikwenda dukani kununua kitabu cha ufundi wa saa. Muuza vitabu alikuwa na haraka, akamfungia vitabu vingine. Alipofika nyumbani na kufungua, alikuta michezo ya sayansi na viinimacho: jinsi ya kuficha karata, jinsi ya kupoteza sarafu. Hakuvirudisha. Alisoma mpaka mshumaa ukaisha.

Kitabu kilimweleza kinachotendeka, lakini hakikuweza kumfundisha mkono. Kwa hiyo alimlipa mtu mmoja wa Blois amfundishe kurusha mipira hewani. Alifanya mazoezi mpaka akaweza kurusha minne mfululizo huku anasoma kitabu kilichofunguliwa mbele yake. Si mchezo wa kujionyesha tu. Macho yake yalikuwa yanajifunza kuona mambo ya pembeni bila kuyatazama.

Kwa karata alifanya hivi: alijitengenezea koti lenye mifuko mikubwa. Barabarani, watu walimwona kijana anatembea mikono mfukoni. Ndani ya mfuko, vidole vilikuwa vinageuza karata na sarafu, tena na tena. Hata akila, mkono mmoja ulishika kijiko na mwingine ulikuwa mfukoni kazini.

MKONO, KARATA NA JICHO

Sasa chukua karata moja uone fizikia yake. Ibonyeze kwenye kingo mbili, itapinda. Iachie, itanyooka. Karata ni karatasi zilizogandishwa pamoja, na ina unyumbufu kama springi ya saa. Mcheza viinimacho huiweka kiganjani ikiwa imepinda kidogo. Ukingo mmoja unagusa vidole, wa pili unagusa nyama iliyo chini ya kidole gumba. Kwa kuwa karata inataka kunyooka, inajisukuma yenyewe pande zote mbili, na msuguano wa ngozi unaizuia isiteleze. Mkono hauna haja ya kubana. Mkono unaobana hukakamaa, na mkono uliokakamaa hujitangaza.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni wewe unayetazama.

Mimi kwa kazi ni muuguzi, kwa hiyo nivumilieni niseme kidogo kuhusu jicho. Nyoosha mkono wako mbele na utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo unaloliona vizuri kabisa, kiasi cha kuweza kusoma maandishi madogo, halizidi sana ukubwa wa ukucha huo. Kila kitu kingine ulimwenguni unakiona kwa ukungu. Hujui hivyo, kwa sababu macho yako yanarukaruka mara kadhaa kila sekunde, na akili inaviunga vipande vyote iwe picha moja. Pale isipokuwa na kipande, inakisia.

Mcheza viinimacho anaishi ndani ya makisio hayo. Akitaka usiuone mkono wa kushoto, hauzibi. Anautazama mkono wa kulia yeye mwenyewe, na wewe unafuata macho yake, kama mtoto mchanga anavyofuata macho ya mama. Akihitaji vidole vifanye mwendo mdogo wa siri, anaupandisha mkono mzima kwa mwendo mkubwa, na mwendo mkubwa unaufunika mdogo. Akiigiza kuhamisha sarafu kutoka mkono huu kwenda ule, mkono uliobaki mtupu unafumba taratibu, kwa uzito uleule, kama vile kweli umeshika kitu. Akili yako imeshaona sarafu ikihamishwa mara elfu maishani, ikajaza yenyewe. Sarafu unayoapa kuwa umeiona ikiingia, umeiona akilini.

Wengi husema mkono una kasi kuliko jicho. Robert-Houdin alifundisha tofauti. Haraka huamsha shaka. Kinachofanya kazi ni utulivu, na mwendo unaofanana kabisa na ule wa kweli.

UKUMBI WA PARIS

Mwaka 1830 alimwoa Cécile Houdin, binti wa fundi saa wa Paris, akaliunga jina la mkewe na lake. Ndipo akawa Robert-Houdin. Walipata watoto wanane, na watatu tu ndio waliofikia utu uzima. Mwaka 1843 Cécile naye akafariki, akamwachia mume watoto wadogo. Mwaka uliofuata alioa tena.

Miaka hiyo aliendelea kutengeneza saa na wanasesere wa mashine. Mmoja wao aliweza kuandika na kuchora kwa kalamu. Ulioneshwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1844, na mfanyabiashara maarufu wa burudani wa Marekani, P. T. Barnum, aliununua.

Tarehe 3 Julai 1845, akiwa na umri wa miaka 39, Robert-Houdin alifungua ukumbi wake mdogo katika jengo la Palais-Royal. Usiku wa kwanza woga ulimkaba, akazungumza haraka haraka, na baadaye akafikiri bora afunge. Hakufunga. Baada ya muda mfupi watu mashuhuri wa Paris walikuwa wanagombea tiketi.

Alifanya mambo mawili ambayo hata leo wacheza viinimacho wanayafuata. Kabla yake wengi walivaa majoho yenye nyota na kusimama nyuma ya meza zenye vitambaa virefu mpaka chini, ambamo msaidizi angeweza kujificha. Yeye alivaa suti ya jioni, kama wanaume waliokaa mbele yake, na meza zake zilikuwa nyepesi na wazi. La pili, aliwafundisha wenzake kwamba mcheza viinimacho ni mwigizaji aliyepewa nafasi ya mchawi. Hana uchawi. Mtazamaji anajua hana, na wote wawili wanafurahia mchezo.

Mwanawe Émile alipanda naye jukwaani. Kijana alifungwa kitambaa machoni. Baba alipita katikati ya watu, akashika saa ya huyu, kipepeo cha yule, na Émile akakitaja kila kitu kutoka jukwaani. Siri ilikuwa katika maneno ya baba. Namna alivyouliza swali ilikuwa imebeba jibu. Lakini ili mchezo uwezekane, wote wawili walihitaji kumbukumbu na jicho kali sana. Walijizoeza hivi: walipita mbele ya duka, wakatupa jicho moja dirishani, wakaendelea na safari. Wakishatembea kidogo, kila mmoja aliandika vitu alivyoviona. Baba anaeleza kwamba yeye aliweza kufika karibu 30, na mtoto alifika 40. Mtoto alimshinda baba!

Mwaka 1847 dunia nzima ilikuwa inazungumzia etha. Ilikuwa dawa mpya ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi, na madaktari walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuitumia katika upasuaji. Robert-Houdin alitangaza kwamba mtu akivuta etha nyingi anakuwa mwepesi kama puto. Akamnusisha mwanawe mdogo, Eugène, chupa ndogo, na mtoto akalala hewani, kiwiko kimoja tu kikiegemea fimbo. Nyuma ya pazia msaidizi alimwaga etha halisi juu ya chuma cha moto ili harufu ienee ukumbini. Chupa ya mtoto haikuwa na kitu. Mwili wake ulishikwa na chuma kilichofichwa chini ya nguo. Watazamaji walikuwa na harufu puani na habari za magazeti kichwani, wakajaza yaliyobaki. Wako waliomlaumu kuwa anaidhuru afya ya mtoto wake.

Mwaka 1848 mapinduzi yalipovuruga biashara mjini Paris, alivuka bahari kwenda London, na huko akacheza hata mbele ya Malkia Victoria. Miaka michache baadaye, akiwa amechoka, alimwachia ukumbi shemeji yake na kurudi karibu na Blois. Nyumba yake huko ilijaa umeme wakati majirani walikuwa bado na mishumaa. Mgeni alipogonga lango la mbali, kengele ililia ndani, na lango likafunguliwa bila mtu kwenda. Farasi alipata chakula chake kwa saa maalumu kupitia mashine iliyoongozwa na saa ya nyumba.

SANDUKU JEPESI NA ZITO

Sasa tunafika Afrika.

Wafaransa waliivamia Algeria mwaka 1830. Watu wa Algeria walipigana nao miaka mingi chini ya Amir Abdelkader, mpaka aliposalimu amri mwaka 1847. Hata baada ya hapo, uasi haukuisha. Wafaransa waliwahofia hasa wale masheikh na watu wa karama waliowaita marabout, kwa sababu watu waliwasikiliza kuliko serikali. Basi mwaka 1856 ofisa wa jeshi aliyesimamia mambo ya wenyeji alimwomba Robert-Houdin aende Algiers. Kazi yake ilikuwa kuonyesha mbele ya machifu na masheikh kwamba maajabu ya Mfaransa ni makubwa kuliko ya kwao.

Aliwaonyesha mwishoni mwa Oktoba 1856, katika ukumbi wa mji wa Algiers. Habari za usiku ule tunazo kutoka kitabu chake mwenyewe, kwa hiyo tuzisome tukikumbuka kwamba msimulizi ndiye shujaa wa hadithi.

Alileta jukwaani sanduku dogo lenye mpini. Akatangaza kwamba anaweza kumnyang'anya mtu nguvu zake. Akapanda mwanaume mmoja mwenye misuli. Alilinyanyua sanduku kwa mkono mmoja, bila shida. Kisha Robert-Houdin akamwambia kwamba sasa nguvu zimekwisha, ajaribu tena. Yule bwana akavuta kwa mikono miwili, akatanua miguu, akatoka jasho. Sanduku halikutikisika. Ghafla akapiga ukelele, magoti yakamlegea, na alipopata nafasi akatoka mbio ukumbini akiwa amejifunika uso kwa vazi lake.

Wewe unayesoma leo unaweza kuifungua siri hiyo. Chini ya sanduku kulikuwa na bamba la chuma. Chini ya sakafu ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma. Umeme ukipita, chuma kinakuwa sumaku kali. Ukikatwa, usumaku unakwisha. Msaidizi aliyejificha alifunga na kufungua mkondo kwa ishara. Na ule ukelele? Mpini wa sanduku ulikuwa umeunganishwa na nyaya, na mtu alipigwa shoti kwa makusudi.

Usiku huohuo mtu alimlenga kwa bastola, naye akaonyesha risasi ikiwa imenasa katika tufaha. Kisha kijana mmoja alifunikwa kwa kitambaa, akatoweka, na watu wengi wakakimbilia mlangoni kwa hofu.

Watu wakisoma kisa hiki husema haraka kwamba Waarabu wale hawakuwa na elimu. Hapana. Sanduku hilohilo alikuwa ameshalionyesha Paris, na watu wa Paris nao walikodoa macho. Sumaku ya umeme ilikuwa imevumbuliwa miaka kama ishirini tu kabla ya sanduku hilo kuonyeshwa Paris, na fundi kama yeye alikuwa ameiona wakati watazamaji wake, weupe kwa Waarabu, hawakuiona. Macho ya binadamu ni yaleyale, na akili hukisia kwa njia ileile.

Tofauti ilikuwa mlangoni. Wa Paris alinunua tiketi. Aliingia akijua anakwenda kudanganywa, na alitoka akicheka. Wa Algiers aliitwa na serikali iliyoiteka nchi yake, akakalishwa mbele ya wanajeshi, akaambiwa kwamba nguvu zake zimeondoka. Mkono ulikuwa uleule, sayansi ileile. Lakini Paris ilikuwa zawadi, na Algiers ilikuwa silaha. Shoti ya umeme mwilini mwa mgeni aliyealikwa si mchezo tena.

Tumtendee haki pia. Ameandika kwamba baada ya maonyesho wakalimani walipewa kazi ya kuwaeleza watu kuwa yote yalikuwa ustadi wa mikono, si uchawi. Machifu kadhaa walimpa hati nzuri iliyoandikwa kwa Kiarabu kumsifu. Yeye mwenyewe aliamini amesaidia kuepusha damu.

Je, aliepusha? Mwaka uliofuata jeshi la Ufaransa liliingia kwa nguvu katika milima ya Kabylia. Na mwaka 1871, miaka 15 baada ya sanduku lile, uasi mkubwa uliongozwa na Sheikh El Mokrani, ambaye aliuawa vitani mwezi Mei mwaka huo. Algeria ilipata uhuru mwaka 1962. Sanduku lilimzuia mtu mmoja kwa dakika chache. Watu wanaotaka nchi yao halikuwazuia.

KARATA TATU, NA JICHO LA MGONJWA

Sikutaka mmalizie hapo, kwa sababu elimu ileile aliitumia pia kwa wema.

Mwaka 1861 alichapisha kitabu cha kufichua wezi wa karata, wale waliochezea watu kamari kwa karata zilizotiwa alama na mikono iliyofunzwa wizi. Wazazi waliokulia Dar es Salaam wanaujua mchezo wa karata tatu, unaokula nauli za watu. Unaambiwa uifuate karata moja kwa macho. Mchezaji ameshika mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Akirusha mezani, unaamini ya chini ndiyo iliyoanguka. Kumbe ameachia ya juu. Mwendo ni uleule, na jicho lako limekisia. Pembeni kuna watu wanaoshinda na kushangilia, nao ni wa kundi lake. Ukilijua hilo, pesa yako inabaki mfukoni. Na ukipigiwa simu na mtu anayekuharakisha utume pesa sasa hivi kwa kuwa ndugu yako amepata ajali, kumbuka kwamba haraka yake ni ule mkono mkubwa. Mkono mdogo uko kwenye akaunti yako.

Katika miaka ya 1860 Robert-Houdin aligeukia jicho lenyewe. Fundi aliyetumia miaka mingi kulidanganya alianza kuunda vifaa vya kulichunguza. Kimoja kilimwezesha mtu kuona mambo yaliyomo ndani ya jicho lake mwenyewe, na aliwaonyesha madaktari wa macho waliokutana Paris mwaka 1867. Mimi kama muuguzi hapo ndipo ninapompenda zaidi. Hata sisi kazini tunatumia ujuzi wake bila kumtaja. Mtoto akija kuchanjwa namwuliza habari za paka wake, namwambia apulize mshumaa wa kufikirika, na sindano imeshaingia na kutoka. Tofauti ni kwamba namwambia mapema kuwa kuna sindano, na mama yake yupo pale anatazama.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Wajerumani. Eugène, yule mtoto aliyelala hewani, sasa alikuwa kapteni wa jeshi. Alijeruhiwa vitani mwezi Agosti na kufariki. Majira ya baridi yaliyofuata wanajeshi wa Kijerumani walifika Blois, mlangoni mwa mzee. Aliyekwenda ng'ambo kusaidia jeshi la wavamizi alionja naye kuishi chini ya wavamizi. Tarehe 13 Juni 1871 alifariki kwa nimonia, akiwa na miaka 65.

Jina lake halikufa. Kijana wa Marekani aliyeitwa Ehrich Weiss alisoma kitabu chake, akaongeza herufi i kwenye Houdin na kujiita Houdini. Ukumbi wa Paris ulinunuliwa mwaka 1888 na Georges Méliès, ambaye baadaye alitengeneza baadhi ya filamu za kwanza za maajabu duniani. Na katika miaka ya 1890 mwanasaikolojia Alfred Binet aliwaita wacheza viinimacho, mikono yao ikapigwa picha nyingi mfululizo. Katika picha moja moja, uwongo ulionekana wazi. Kamera haina akili ya kukisia.

Watoto wangu, mnakua katika nchi ambazo kila siku mtaonyeshwa vitu vya kustaajabisha, kwenye simu, dukani, hata kwenye siasa. Staajabuni, ni vizuri. Kisha mjiulize maswali mawili ya Algiers: nani ameniita hapa, na anataka niamini nini nikitoka?

MANENO YA WIKI

Kiinimacho: mchezo wa ustadi unaowafanya watu waone kisichokuwepo.
Unyumbufu: tabia ya kitu kupinda na kurudi kilivyokuwa.
Msuguano: kukwaruzana kwa vitu viwili kunakozuia kuteleza.
Kuchanga karata: kuzichanganya kabla ya kugawa.
Kukisia: kukadiria jambo bila kuwa na uhakika.

JARIBU NYUMBANI

1. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi. Kulia kwake, umbali wa sentimita 8, chora nukta nene. Fumba jicho la kushoto, utazame msalaba kwa jicho la kulia. Sogeza karatasi taratibu mbele na nyuma, kama sentimita 30 kutoka usoni. Nukta itapotea! Hapo mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho hakuna sehemu ya kuonea, na akili inapaka rangi ya karatasi.

2. Fanyeni mchezo wa Émile. Mzazi na mtoto mpite mbele ya duka, mtazame mara moja, kisha kila mmoja ataje kwa Kiswahili vitu alivyoviona. Usiyejua jina, uliza. Njooni Jumamosi mtuambie nani alimshinda nani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mkono wa mcheza viinimacho haupaswi kubana karata?
2. Sanduku liliwezaje kuwa jepesi kisha zito?
3. Ungekuwa Robert-Houdin mwaka 1856, ungekubali kwenda Algiers? Mwulize na babu au bibi kwa simu, uandike majibu yake.

Wikendi njema, na tuonane darasani.